Redio ya Mawasiliano Garini: Chagua Mahali Kabla ya Kununua

Somo kwa wamiliki, madereva na wasimamizi wa magari katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Utangulizi

Maumbile ya Karagwe na Kyerwa hayarahisishi mawasiliano. Safu za vilima zimefuatana, na kati ya safu moja na nyingine kuna bonde, mto au kinamasi. Simu ya mkononi inayofanya kazi vizuri Kayanga au Omurushaka yaweza kunyamaza mara gari linapoteremka bondeni. Karibu na Mto Kagera, unaozitenganisha wilaya hizi na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, simu huweza kunasa mtandao wa nchi jirani badala ya mtandao wa nyumbani. Kwa sababu hiyo redio ya mawasiliano, ambayo wengi huiita redio koli au simu ya upepo, bado ina nafasi yake katika gari la hospitali, la mradi, la ununuzi wa kahawa, la ulinzi, au la kupeleka wageni katika Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizoanzishwa mwaka 2019.

Mnunuzi wa redio huuliza maswali mengi kuhusu bei, nguvu na umbali. Swali la mahali redio itakapofungwa ndani ya gari huachiwa fundi, na fundi mwenye haraka huifunga pale bisibisi yake inapofika kwa urahisi. Kosa hilo huonekana baadaye. Goti la abiria huumia, betri huisha nguvu, maji huingia chini ya kiti, au dereva huondoa macho barabarani ili kutafuta kitufe kwenye mteremko wenye utelezi.

Fundisho kuu la somo hili ni kwamba mahali pa redio huchaguliwa kabla ya redio kununuliwa, kwa kuwa mahali ndipo panapoamua ni redio ya aina gani inayolifaa gari lako. Baada ya kusoma, tunatarajia uweze kukaa ndani ya gari lako, ukapima nafasi zilizopo, na kumweleza muuzaji na fundi unachotaka.

Anza na leseni

Kabla ya kugusa gari, hakikisha una haki ya kutumia redio yenyewe. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa ya redio ni rasilimali inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na hayatumiwi bila leseni. Vilevile kifaa chenyewe kinapaswa kuwa cha aina iliyoidhinishwa, na anayekiuza au kukifunga awe na leseni ya kazi hiyo.

Kwa wakazi wa mpakani jambo hili lina uzito wa pekee. Mawimbi ya redio hayasimami kwenye kingo za Mto Kagera. Redio iliyonunuliwa mitumba au kuletwa kutoka nchi jirani huweza kuwa imepangiwa masafa yanayotumiwa hapa na polisi, ndege au huduma za dharura. Ukibonyeza kitufe bila kujua, unaweza kuzuia ujumbe wa mtu aliye hatarini. Kadhalika leseni uliyopewa Tanzania haikupi ruhusa ya kuzungumza kwenye redio hiyo baada ya kuvuka mpaka wa Murongo kuingia Uganda. Ukisafiri huko, uliza kwanza masharti ya nchi unayokwenda.

Fahamu sehemu za redio

Redio ya gari ina sehemu tano ambazo kila moja huhitaji mahali pake:

1. Mwili wa redio, ambao ndio mzito na unaotoa joto.
2. Uso wa redio, wenye vitufe na kioo cha kuonyesha namba.
3. Kinasa sauti, chenye waya na kitufe cha kuzungumzia.
4. Spika.
5. Antena na waya wake.

Katika redio za kawaida, mwili na uso ni kitu kimoja. Zipo redio nyingine ambazo uso wake hutenganishwa na mwili na kuunganishwa kwa waya. Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuamua mapema: kama gari lako halina nafasi salama ya kuweka redio nzima mbele, tafuta redio ya uso unaotenganishwa. Ukigundua hilo baada ya kulipa, utalazimika kuchagua kati ya hasara na hatari.

Mambo manne ya kupima

*La kwanza ni usalama wa watu.* Redio isiwe mahali ambapo kichwa, goti au kifua cha mtu kitagonga gari likisimama ghafla. Isiwe pia kwenye njia ya mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali. Kumbuka kuwa katika baadhi ya magari mifuko hiyo imo pia kwenye kingo za paa juu ya milango, si kwenye usukani tu.

Redio yenyewe isiweze kung'oka. Chukua redio yenye uzito wa kilo 1.5. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, redio hiyo huvuta vishikizo vyake kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 20. Gundi, mkanda wa nailoni au skrubu mbili fupi kwenye plastiki ya dashibodi haviwezi kuhimili mzigo huo. Tumia boliti na nati zilizopita kwenye chuma, pamoja na washa za springi, maana barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati hulegeza kila nati isiyokazwa vizuri.

*La pili ni mkono na jicho.* Dereva aweze kufikia kinasa sauti bila kuinama na bila kutazama. Nchini Tanzania dereva hukaa kulia, hivyo mahali pazuri pa kuning'iniza kinasa sauti ni upande wake wa kushoto, ambapo abiria wa mbele pia anaweza kukichukua. Abiria akiwepo, ni vyema yeye ndiye azungumze. Asipokuwepo, dereva asimamishe gari mahali salama kwanza.

*La tatu ni joto, maji na vumbi.* Redio yenye nguvu ya wati 50 huweza kuvuta ampea 12 hivi kwenye volti 13.6, yaani wati 163. Ni wati 50 tu zinazokwenda kwenye antena. Zaidi ya wati 100 hugeuka joto. Mwili wa redio usizibwe kwa zulia, makoti wala magunia, na usipangwe mbele ya tundu la hewa ya moto. Wakati wa masika na vuli, maji na matope huingia ndani kwa viatu na kwa milango. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu huingia kila penye upenyo. Sakafu ya gari, kwa hiyo, ni mahali pabaya kwa kifaa cha umeme.

*La nne ni umeme wa gari.* Nyaya za redio zipite mbali na nyaya za kompyuta ya injini na za breki, na waya wa antena usifungwe pamoja na waya wa umeme wa redio. Kama redio na gari vitaingiliana, utasikia mlio unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini, au utaona taa za onyo zikiwaka kwenye dashibodi kila unapobonyeza kitufe.

Tulinganishe nafasi zilizopo

*Juu ya dashibodi.* Nafasi hii huvutia kwa kuwa redio huonekana vizuri. Hata hivyo jua huipiga kupitia kioo cha mbele, huziba sehemu ya barabara, na katika ajali huwa karibu na nyuso za abiria. Kwa gari lenye mfuko wa hewa upande wa abiria, hatari ni kubwa zaidi. Hatuishauri.

*Chini ya dashibodi, katikati.* Mikono ya wote wawili hufika. Lakini katika gari la magurudumu manne kuna wenzo wa gia na, mara nyingi, wenzo wa pili wa kuingiza magurudumu ya mbele na gia ya nguvu. Nafasi inayoonekana wazi gia ikiwa huru yaweza kuzibwa gia ikiwa ya kwanza. Zaidi ya hayo, pikapu nyingi hubeba watu watatu mbele, na wa katikati magoti yake huwa hapo hapo. Nafasi hii inafaa kwa uso wa redio peke yake, ulio mwembamba na usio na kona kali. Redio nzima ifungwe hapo tu ikiwa hakuna anayekaa katikati.

*Juu ya kioo cha mbele, chini ya paa.* Maji hayafiki wala magoti hayafiki. Lakini kwenye barabara yenye mashimo vichwa hurushwa juu, na bati la paa ni jembamba. Kama utaitumia, weka uso wa redio tu, kwenye kishikilio kilichofungwa katika chuma cha fremu, na uhakikishe mtu mrefu kuliko wote katika kituo chenu anaweza kukaa bila kuugusa.

*Kisanduku kati ya viti viwili vya mbele.* Kwa gari lenye viti viwili tu mbele, hii ni nafasi nzuri ya uso wa redio, mradi uso huo umeinuliwa kumwelekea dereva. Kisanduku hicho kisitumike tena kuwekea chupa za maji na vikombe vya chai.

*Chini ya kiti.* Mafundi huipenda kwa sababu huficha redio na kuikinga na wezi. Hufaa kwa mwili wa redio tu, na kwa masharti: uinuliwe juu ya kibao cha chuma, hewa ipite, na waya usikatwe na reli ya kiti kinaposogezwa. Kama chini ya kiti huhifadhiwa jeki na spana, usichanganye vitu hivyo na redio.

*Nyuma ya viti, kwenye ukuta wa bodi.* Kwa magari tunayoyazungumzia, hapa ndipo mahali bora pa mwili wa redio. Pako juu ya maji, mbali na magoti, na chuma chake ni imara. Adui yake ni mzigo. Gunia la kahawa au mkungu wa ndizi ukilalia redio, hewa hukosa njia na nyaya huvunjika. Fundi aizungushie wavu au kizuizi cha chuma kisichoziba hewa.

Kwa jumla, mpangilio tunaoushauri kwa gari la kazi ni huu: mwili nyuma ya kiti, uso katikati chini ya dashibodi au juu ya kisanduku, kinasa sauti kwenye ndoano kushoto kwa dereva, na spika ya pembeni karibu na sikio lake, kwani spika iliyofichwa chini ya kiti haisikiki injini ya dizeli ikinguruma mlimani.

Antena: heri ya juu

Redio ya VHF hutegemea mawimbi yanayokwenda karibu sawa na mstari wa macho. Kwenye ardhi tambarare isiyo na kizuizi, antena mbili zilizo mita 2 juu ya ardhi huweza kuwasiliana kwa umbali wa takriban kilomita 12. Moja ikiwa juu ya mnara wa mita 30, umbali hufika karibu kilomita 28. Karagwe na Kyerwa si tambarare. Kilima kimoja hukata mawasiliano ya kilomita 3, na ufungaji bora hauwezi kukiondoa kilima hicho. Dawa yake ni ripita, yaani mtambo wa kilimani unaopokea mawimbi na kuyarusha upya. Unachoweza kufanya ni kutopoteza ile nguvu uliyonayo.

Kwa VHF, mahali bora pa antena ni katikati ya paa la chuma. Antena ya robo ya wimbi kwa masafa ya megahezi 150 ina urefu wa nusu mita hivi, na bati la paa ni sehemu ya kazi yake. Ikifungwa pembeni, mawimbi huwa na nguvu upande mmoja na hafifu upande mwingine. Ikizungukwa na vyuma vya keria, hudhoofika. Kama keria haiondoki, antena isimame juu yake, si ndani yake. Paa pia huweka chuma kati ya antena na watu waliomo ndani.

Redio za HF, zinazofika mamia ya kilomita, hutumia antena ndefu ambayo kwa kawaida hufungwa kwenye bampa la mbele au la nyuma. Antena hiyo ina hatari mbili. Ncha yake huweza kugusa waya wa umeme barabarani au kwenye ua wa hospitali, hivyo ifungwe chini kwa kamba gari linapopita vijijini. Na mtu akiigusa wakati dereva anazungumza, ataungua. Usibonyeze kitufe kabla ya kuhakikisha hakuna mtu, hasa mtoto, aliye karibu. Tahadhari hiyo inawahusu pia abiria waliosimama nyuma ya pikapu.

Radi ikianza kupiga, acha kuzungumza na uiteremshe antena ndefu. Zima redio unapojaza mafuta. Zima pia unapokaribia mahali panapolipuliwa baruti, kwa mfano kwenye machimbo au ujenzi wa barabara, kwa kuwa mawimbi huweza kuamsha viwashio vya umeme vya baruti.

Umeme: waya mfupi, fyuzi karibu

Umeme wa redio uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene unaolingana na maelekezo ya mtengenezaji. Tundu la kuwashia sigara halikukusudiwa mzigo wa redio ya gari. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ili waya ukichubuka njiani fyuzi ikatike kabla ya moto kuwaka. Kila tundu linalopitisha waya kwenye bati livalishwe mpira, na kila bati lililotobolewa lipakwe rangi, la sivyo kutu itaanza msimu wa mvua ukiingia.

Baadhi ya magari ya dizeli yana betri mbili na umeme wa volti 24, ilhali redio nyingi huhitaji volti 12. Usikubali fundi aunge redio kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri moja itachoka na nyingine itajazwa kupita kiasi hadi kuharibika. Dai kifaa cha kupunguza volti, na gharama yake iwemo kwenye bei mliyokubaliana.

Jaribio la boksi

Kabla ya tundu lolote kutobolewa, fanya jaribio hili lisilo na gharama. Kata boksi la karatasi lenye vipimo vya redio unayotaka kununua. Libandike kwa utepe mahali ulipopachagua, gari likiwa limesimama. Kisha:

1. Waite wote wanaolitumia gari, wakae na kufunga mikanda.
2. Ingiza gia zote, pamoja na ya kinyume na zile za magurudumu manne. Vuta na kuachia breki ya mkono.
3. Fungua na ufunge milango yote. Sogeza viti mbele na nyuma.
4. Dereva afumbe macho na anyooshe mkono kwenye kinasa sauti. Akikikosa mara mbili, hapo hapafai.
5. Pakia mzigo mnaobeba kwa kawaida, na machela kama ni gari la wagonjwa. Mhudumu anayempa mgonjwa huduma apite bila kugusa boksi.
6. Tazama upande wa pili wa bati. Je, kuna tangi la mafuta, nyaya au bomba mahali boliti itakapopita?

Boksi likikunjwa au kung'olewa, umeokoa redio na huenda umeokoa goti la mtu.

Siku ya kupokea gari kutoka kwa fundi

Usilipe sehemu ya mwisho ya fedha kabla ya kushuhudia mambo matatu. Kwanza, fundi apime kwa mita nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Uwiano usiozidi 1.5 ni mzuri. Ukifika 2 au zaidi, aangalie tena antena, waya na viungio. Pili, washa injini, taa na feni, kisha zungumza kwenye redio gari likiwa limesimama. Pasiwe na taa ya onyo inayowaka wala chombo kinachoyumba. Tatu, endesha kwenye barabara mbovu kwa muda mfupi, urudi, na kila nati ikaguliwe tena.

Dai risiti, waranti, mchoro wa njia za nyaya, na orodha ya masafa yaliyopangwa ndani ya redio ili uilinganishe na leseni yako.

Haki na wajibu wako

Una haki ya kupata kifaa kilichoidhinishwa, kazi salama na maelezo unayoyaelewa. Kazi ikiwa mbovu, mweleze muuzaji au fundi kwa maandishi kwanza, ukiambatisha risiti. Asiposhughulikia, wasilisha malalamiko kwetu kupitia ofisi yetu ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza. Bidhaa bandia ziripotiwe pia kwa Tume ya Ushindani.

Wajibu wako ni kutumia masafa uliyopewa tu, kufupisha mazungumzo, na kuikagua redio kila gari linapofanyiwa matengenezo.

Jihoji kabla ya kulipa

1. Je, leseni yangu ya masafa imeshatoka?
2. Ni nani atakayekaa karibu zaidi na redio, na mwili wake utagonga nini gari likisimama ghafla?
3. Je, nahitaji redio ya uso unaotenganishwa?
4. Gari langu lina volti 12 au 24?
5. Maji yakiingia hadi kifundo cha mguu, redio itakuwa juu au chini yake?
6. Je, dereva mgeni akipewa gari hili usiku, ataweza kuomba msaada bila kufundishwa upya?

Kama swali moja halina jibu, rudi garini na boksi lako kabla ya kwenda dukani.